Mpelekeeni na mchezo

Swali la wiki hii lilikuwa: mtoto akilazwa, anahitaji nini zaidi ya dawa na chakula? Mimi ni mkazi wa Kirumba hapa Mwanza, mama wa mtoto mwenye selimundu (ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu, unaoleta maumivu makali), na wodi ya watoto naifahamu. Jibu langu ni mchezo. Saa ya kuona wagonjwa tunaingia na hotpoti za sato na chupa za uji, na tunafanya vizuri, ila mikononi mwetu hamna cha kuchezea.

Wapo watakaosema mgonjwa aachwe apumzike. Mtoto aliyezidiwa hachezi, wala hakuna wa kumlazimisha. Lakini homa ikishashuka, mchezo unaingia kwenye tiba yenyewe. Tazameni utapiamlo mkali. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani una hatua 10 za kumtibu mtoto huyo. Ya kwanza ni kuhakikisha sukari haishuki mwilini. Ya 9 ni kumchangamsha na kumpa upendo, pamoja na mchezo uliopangwa wa dakika 15 hadi 30 kila siku. Sababu ni kwamba njaa kali hurudisha nyuma akili pia, na maziwa ya tiba yanaweza kurudisha uzito huku mtoto akiwa bado hajachangamka. Vifaa vyenyewe si vya dukani: vifuniko vya chupa vilivyotungwa kwenye uzi, chupa ya plastiki yenye kokoto ndani iliyofungwa barabara, mdoli wa vitambaa. Mama naye hufundishwa kucheza na mwanawe ili waendelee nyumbani.

Kwa upande wetu wa selimundu, adui mkubwa ni sindano. Na hofu hiyo tunaipanda wenyewe majumbani: "Ukisumbua, nitamwita daktari akuchome!" Kisha siku ya kulazwa tunamwambia haiumi. Nesi mmoja, Mungu ambariki, alimpa binti yangu bomba la sindano lisilo na sindano, pamba na plasta, akamwambia amtibu mdoli wake kwanza. Binti akamshika mdoli mkono, akampangusa, akamwambia, "Itauma kidogo, halafu nitakufunga plasta." Zamu yake ilipofika alilia, lakini mkono aliutoa mwenyewe. Utafiti mwingi umeonyesha kwamba mtoto akivutwa mawazo wakati wa kuchomwa, maumivu anayoyasikia hupungua. Kupuliza mapovu ya sabuni kunafaa sana hapo, na kuna faida nyingine: mtoto mwenye selimundu anayeumwa mbavu huogopa kuvuta pumzi ndefu, na pumzi fupi fupi si nzuri kwa mapafu yake. Mwambie avute pumzi, atakataa. Mpe mapovu, atavuta.

Aliyevunjika mguu na kufungwa uzito wa kuuvuta mguu unyooke hawezi kucheza rede, lakini anaweza kutega kitendawili, na kitanda cha jirani kikajibu. Watoto wanaotoka Ukerewe, Geita na Sengerema, wasiojuana kabisa, huanza kuitana majina kwa njia hiyo. Vitendawili havigharimu hata shilingi.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unataja haki ya kucheza katika ibara ya 31, na Tanzania iliuridhia mwaka 1991. Haukusema haki hiyo ikome mlangoni mwa wodi. Kwa hiyo naomba uongozi wa hospitali zetu uweke saa ya mchezo kwenye ratiba, na mtu wa kuisimamia, kwa sababu wauguzi tayari wameelemewa.

Nasi tunaokwenda kuwaona wagonjwa tuchague vitu vya plastiki vinavyooshwa kwa sabuni kabla ya kupita kitanda kingine. Midoli ya manyoya hubeba vijidudu, kwa hiyo mtoto aliyeletewa abaki nayo mwenyewe. Kwa walio chini ya miaka mitatu, tusipeleke kitu chochote kinachoenea mdomoni na kuweza kuwakaba.