Unataka kuwa profesa wa Kilatini ukiwa Lubumbashi? Anza na fishi, burse itafuata

Ujumbe uliingia juzi kutoka kwa msomaji wa mtaa wa Kamalondo: "Yaya, nilisoma latin-philo (sekondari ya Kilatini na falsafa), sasa niko karibu kumaliza lisansi ya Letre, shahada ya lugha na fasihi. Nataka kufika mpaka profesa wa fasihi ya Kilatini. Nitafute burse wapi?"

Swali hili linarudi kila mwaka, na kila mwaka linaanzia mwisho. Burse, yaani fedha za kusaidia masomo, tutaifikia. Kinachowaangusha vijana wetu mbele ya jopo ni mstari mmoja wa shairi: wanaulizwa kuupima, yaani kutenga silabi zake ndefu na fupi, wananyamaza. Kwa hiyo tuanze na kusoma.

Aeneis, utenzi mkubwa wa Mroma Vergilius, ina vitabu 12 na mistari 9,896. Ukisoma mistari 30 kwa siku, unaimaliza kwa siku 330, yaani miezi kumi na moja. Mwanzoni mistari hiyo 30 itakula kama saa mbili, halafu muda unapungua wenyewe. Lakini watangulize waandishi wa nathari: Caesar, kisha Cicero, kisha Sallustius. Tacitus asubiri, maana anabana sentensi na kumeza vitenzi, na anayemkimbilia mapema hujizoeza kubahatisha. Katika matoleo ya Budé, Kilatini kiko ukurasa wa kulia na Kifaransa kushoto. Funika kushoto kwa karatasi. Anayesoma Kifaransa kwanza anaelewa uamuzi wa mfasiri. Sentensi yenyewe hajaigusa.

Hapa kuna jambo ambalo madarasani kwetu halisemwi, nalo linauma, kwa sababu linatunyang'anya mali yetu. Tunafundishwa Kilatini kupitia Kifaransa, lugha ambayo imepoteza karibu miisho yote ya nomino, wakati mdomoni tuna Kiswahili. Sema: "Visu vile ulivyonunua jana kwenye soko la mtaa wa Kenya ni vikali." Hakuna anayeuliza vikali ni nini, vi- imekwisha kushika visu tangu mbali. Sasa soma mstari wa kwanza wa Eclogae, mashairi ya wachungaji ya Vergilius: Tityre, tu patulae recubans sub tegmine fagi. Kivumishi patulae, "uliotanda", kimesimama katikati na kinangoja jina lake mpaka neno la mwisho, fagi, mti. Mwanafunzi anayefikiri kwa Kifaransa anatafuta jina karibu na kivumishi, anakosa, anakata tamaa. Atasema pia kwamba -ae na -i hazifanani. Kweli hazifanani, lakini fagus ni jina la kike ingawa lina sura ya kiume, na kivumishi kinafuata jinsia, si sura. Ndivyo tunavyosema kiongozi mwema wala hatusemi kiongozi chema: ki- iko kwenye jina, upatanisho unafuata utu. Mwenye Kiswahili aliyeambiwa hivyo siku ya kwanza anaokoa miezi.

Kiswahili hichohicho kina mtego wake. Sisi tunatia mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, karibu daima. Katika neno la silabi tatu au zaidi, Kilatini kinafanya hivyo ikiwa tu silabi hiyo ni nzito, yaani ina vokali ndefu au imefungwa na konsonanti. Ikiwa nyepesi, mkazo unarudi nyuma hatua moja. Tunasema domínus, Mroma alisema dóminus. Kosa hili halibaki mdomoni, kwa sababu asiyejua urefu wa vokali hawezi kupima heksamita, mstari anaoutumia Vergilius. Malum yenye a fupi ni uovu, yenye a ndefu ni tofaa. Kamusi ya Gaffiot inatia alama za urefu: ukiandika neno jipya, andika na alama zake. Heksamita ina miguu sita, yaani vipande sita vya mdundo, na mguu wa tano karibu kila mara ni daktili (silabi moja ndefu na mbili fupi), basi anza kupima kutoka nyuma. Wengi wanaanguka kwenye kumeza silabi: neno linaloishia kwa vokali au kwa -m humeza silabi yake ya mwisho mbele ya vokali. Katika Aeneis 1, 3, multum ille et inatamkwa mult' ill' et. Ukihesabu kila silabi iliyoandikwa, mstari unazidi, na utadhani Vergilius amekosea.

Sasa mada ya memwari, kazi ya kumaliza lisansi. "Mapendo katika Vergilius" ni mada ya kukuzika. Chukua neno moja, au kitabu kimoja, au swali moja la sarufi. Valentin-Yves Mudimbe, mzaliwa wa Likasi wa 1941, alipata doktora Louvain 1970 na akafundisha hapa Lubumbashi kabla ya kwenda Marekani. Utafiti wake wa kisemantiki uliochapishwa 1979 ulihusu neno moja: hewa. Neno moja linatosha kujaza teze ya doktora. Kila tokeo la neno lipate fishi yake, yaani kadi ya kumbukumbu: mwandishi, kitabu, mstari, sentensi nzima, uhusika (kazi ya neno katika sentensi), vivumishi vilivyo karibu, tofauti za miswada kama toleo linazionyesha, na chini kabisa mnachobishana wewe na wataalamu. Fishi 300 zilizojazwa hivi ni nusu ya kazi.

Matini ya Kilatini yanapatikana bure kwenye hifadhi ya mtandaoni ya Packard, na kutafuta ni haraka, lakini mashini haijui Kilatini. Ukitafuta fer- hutapata tuli wala latum, ingawa ni kitenzi kilekile, fero, "kubeba". Adfero na affero ni neno moja kwa tahajia mbili. Vivyo hivyo inpius na impius, volgus na vulgus. Teze inaweza kujengwa juu ya hesabu mbovu kwa sababu hii tu. Na usinukuu kamwe kutoka kwenye tovuti isiyosema inatumia toleo gani. Nukuu matoleo ya Teubner, Oxford au Budé, kwa kitabu na mstari, si kwa ukurasa.

Kwa maana za maneno, nenda kwenye Thesaurus Linguae Latinae, kamusi kubwa ya Kilatini inayotungwa München. Kazi ilianza 1894, fasikula (kijitabu) ya kwanza ikatoka 1900, na bado wako kwenye herufi N na R. Fasikula zilizotangulia zinapakuliwa bure kwa PDF. Ni nzito, pakua usiku mega za intaneti zikiwa nafuu, weka kwenye diski, maana umeme haungoji mtu amalize aya. Tovuti ya Persée ina majarida ya Kifaransa bure, na Bryn Mawr Classical Review ina tahakiki za vitabu tangu 1990. Jifunze pia Kijerumani cha kusoma, saa moja kwa siku. Bila hicho utakuwa unamnukuu mtu aliyemnukuu mtu.

Ngazi unazijua: asistanti, shefu wa kazi, doktora, profesa asosie, profesa, profesa ordineri. Ngazi hizo hupandwa kwa makala, na makala hukataliwa zaidi kwa kurudia yaliyokwisha kusemwa Paris. Kwa nini ushindane nao nyumbani kwao? Mwaka 1659 mmisionari Mkapuchini Giacinto Brusciotto alichapisha Roma sarufi ya Kikongo, sarufi ya kwanza ya lugha ya Kibantu kupigwa chapa, na aliiandika kwa Kilatini. Kabla yake kuna kamusi ya mkono ya Kilatini, Kihispania na Kikongo, ya 1652, inayotunzwa Roma. Brusciotto alikutana na ngeli, akatafuta jina la Kilatini kwa kitu ambacho Kilatini hakina, akaziita principiationes, kwa kuwa jina hujulikana kwa mwanzo wake. Nani atasoma kitabu hicho vizuri kuliko mtu anayemjua Cicero na anayejua visu vikali? Kazi hiyo inatungoja sisi, na tukiiacha wengine wataifanya huku tukilalamika kwamba Kilatini hakina faida Kongo.

Burse, basi. Fondation Hardt, Vandœuvres karibu na Geneva, tangu 1950 inapokea watafiti wa Ugiriki na Roma, na ina burse za vijana kwa majuma machache ndani ya maktaba yake. Nenda ukiwa na fishi zako na orodha ya vitabu usivyovipata hapa. Anayekwenda kutafuta mada anarudi na picha. Barua ya promota, msimamizi wa teze yako, iombe miezi miwili kabla, ukimpa mradi wa kurasa mbili na tarehe ya mwisho.

Kabla ya kuweka teze, zima kisahihishi cha Kifaransa kwenye mashini, kwa sababu hubadilisha maneno ya Kilatini bila kukuuliza. Kisha chapa karatasi zote na ukae na mwenzako: yeye asome toleo kwa sauti, herufi kwa herufi, wewe ufuate nukuu zako kwa kalamu nyekundu. Kwa teze ya kurasa 300, tenga siku nne.