Mtazameni Akiwa Kando ya Gunia

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: mtu mkubwa wa kweli mnamtambuaje? Kwa huku kwetu, kuanzia Uporoto kule Mbeya hadi Njombe, ningeshauri atazamwe siku viazi vinapopakiwa.

Kiongozi aliyezoea meza kuu huijua lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, kwa kuisoma kwenye hotuba tu. Gunia hujazwa hadi mdomoni, kisha huongezwa kichuguu cha viazi juu yake, kikashikiliwa kwa kamba zilizosukwa kama wavu. Sheria inataka lisizidi kilo 100. Likifika kilo 130, bei inabaki ileile ya gunia moja. Mkulima mwenye magunia 20 ya namna hiyo ametoa kilo 600 bure, yaani magunia 6 kamili, na hayo ndiyo yangemnunulia mbegu na mbolea ya msimu ujao. Kuli naye anaubeba mzigo huo kwenye tope la Machi kwa ujira uleule.

Anayewajali watu hufika alfajiri, kabla fuso halijaondoka, wala hatangulizi king'ora. Huanza na salamu. Ukifika Iringa au Njombe, "kamwene" ikitoka mdomoni mwa mgeni, hata bibi aliyejitanda kitenge kwa baridi kule nyuma husogea mbele. Kisha huomba mizani. Huangalia kama ikiwa tupu inasoma sifuri, hutafuta muhuri wa Wakala wa Vipimo, na huhakikisha gunia limekaa katikati bila kuegemea goti la mtu. Kilo zinasomwa kwa sauti ili aliyelima asikie. Akikaa hapo asubuhi nzima atagundua jambo ambalo hakuna ripoti itakayomweleza vizuri: mkulima anayekataa lumbesa peke yake huachwa na viazi vyake vikigeuka kijani juani, kwa kuwa jirani ameshakubali. Kumfokea mkulima jukwaani basi ni kumwonea. Kijiji kizima lazima kikubaliane kwa siku moja, na mizani iwepo palepale kwenye kituo cha kukusanyia mazao.

Mkutano mkuu wa kijiji nao unampima mtu. Sheria inautaka angalau kila miezi 3, na mapato na matumizi yasomwe mbele ya watu. Huharibika hivi: umeitishwa saa 4 asubuhi, mgeni anaingia saa 8 mchana, kina mama wameshaondoka kwenda kupika, na waliojaa ni wale waliotoka kwenye ulanzi, pombe ya mianzi. Mgeni anahutubia saa nzima, kisha anaruhusu maswali matatu. Mnyenyekevu huupindua mpangilio huo. Anakaa kwenye benchi kama wengine, anasikiliza kabla ya kusema, anaanza na waliokaa nyuma kabisa, na kila anachoahidi kinaingia kwenye muhtasari pamoja na tarehe yake.

Najua wapo watakaosema huo ni udhaifu, kwamba ukubwa ni nguvu, na watamtaja Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Kweli, Mkwawa hakuwa mpole hata kidogo. Lakini ngome yake ya Kalenga ilianguka Oktoba 1894, naye akadumu porini mpaka Julai 1898. Wajerumani walitangaza rupia 5,000 kwa atakayemleta. Nguvu peke yake isingemfikisha huko: alilishwa pia kutoka kwenye vihenge vya watu wa kawaida, ambao walijua vizuri kitakachowapata wakigundulika.

Kushika jembe dakika mbili mbele ya kamera kila mtu anaweza, na watu wa huku wanaitambua mikono isiyolima. Mimi husubiri ile miezi 3 ipite. Mkutano ufuatao unapofunguliwa, natazama kama amerudi na ule muhtasari mkononi, na kama anaanza kuusoma kwa ile ahadi aliyoshindwa kuitimiza.

Msomaji, Njombe