Semiotiki: nitajuaje kama ninachambua au ninasimulia tu picha?

SWALI: Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu matangazo ya maji ya chupa na vichwa vya habari vya magazeti. Nadharia niliyotumia ni semiotiki, yaani taaluma ya ishara na jinsi zinavyobeba maana. Msimamizi amenirudishia sura ya uchambuzi akisema ninaeleza kilichomo kwenye picha bila kuchambua, na tena ninachanganya Saussure na Peirce, waasisi wawili wa nadharia hii. Naomba hatua za kufuata. Je, ni lazima nitumie misimbo 5 ya Barthes, mhakiki wa Kifaransa, yaani njia zake 5 za kusoma maana katika matini?

JIBU: Ndugu msomaji, kasoro hii ni ya kawaida mno, na mara nyingi inatokana na kugawa maana kama kamusi. Bluu ni utulivu, mlima ni usafi, njiwa ni amani, basi, ukurasa umejaa. Saussure, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1916, miaka 3 baada ya kifo chake, alifundisha kwamba ishara hupata thamani yake kwa kutofautiana na nyingine ambazo zingeweza kukaa mahali pake. Kwa hiyo kila unapoandika "hii inaashiria", jiulize: wangeweza kuweka nini hapa, wakaacha?

Tumalize kwanza suala la nadharia. Kwa Saussure ishara ina pande 2: kiashiria, yaani umbo tunalolisikia au kuliona, na kiashiriwa, yaani dhana iliyomo akilini. Angalia: kiashiriwa si kitu chenyewe kilichopo duniani. Peirce ana pande 3: alama, kitu kinachorejelewa, na interpretanti. Hiyo ya mwisho si mtu anayefasiri, ni fasiri inayozaliwa na alama. Ukiandika "kiashiriwa ni chupa yenyewe" umeshawachanganya. Peirce ndiye pia mwenye mgawanyo wa ikoni (hufanana na kitu), indeksi (huunganika nacho kihalisi, kama moshi na moto) na simboli (hutegemea makubaliano). Hizi si droo 3 za kupangia vitu. Picha ya kamera ni ikoni kwa sababu inafanana na mtu, na ni indeksi kwa sababu mwanga uliotoka kwake ndio ulioichora. Ndiyo maana picha ya habari huaminiwa kuliko mchoro. Kwa matangazo yako, Saussure akisaidiwa na Barthes anatosha. Mlete Peirce pale tu unapojadili kwa nini picha inaaminika.

Sasa kazi yenyewe. Chukua tangazo la kubuni: chupa imesimama katikati, nyuma yake kilele chenye theluji, rangi ya bluu imetawala, hakuna mtu, na chini kuna maandishi meupe, "Kama ilivyozaliwa". Anza kwa kuorodhesha vyote vinavyoonekana bila kutumia kivumishi chochote cha sifa. Ukiandika "mlima mzuri" umekwisha kufasiri. Rekodi pia pembe ya kamera, ukubwa wa kila kitu, kilicho mbele na kilicho nyuma, na aina ya herufi.

Hatua inayofuata ndiyo inayokosekana kwenye sura yako: jaribio la kubadilisha. Badilisha kipengele 1 tu, vingine viache kama vilivyo, kisha tazama maana inasogea wapi. Toa mlima, weka kiwanda chenye mabomba yanayong'aa. Maji bado ni safi, lakini usafi umebadilika: ule wa kwanza ni wa kitu kisichoguswa na binadamu, huu wa pili ni wa kitu kilichosafishwa naye. Hapo umepata ukinzani, asili dhidi ya ufundi, na sasa una hoja. Weka mkimbiaji anayetoka jasho: maji yanakuwa hitaji la mwili, na unagundua kwamba kutokuwepo kwa mtu kulikuwa na kazi yake. Badilisha kizibo cha bluu kiwe cheupe. Kama hakuna kinachosogea, rangi ya kizibo haibebi maana hapo. Ifute kwenye uchambuzi bila huruma. Wengi huogopa kufuta, wakidhani wingi wa ishara ndio uzito wa kazi.

Maandishi nayo yajaribiwe. Weka "Imechujwa mara saba" badala ya "Kama ilivyozaliwa", na mlima ule ule unageuka pambo. Mwaka 1964, akichambua tangazo la tambi za Panzani, Barthes aliita kazi hii ya maandishi kutia nanga: picha ina maana nyingi zinazoelea, maneno yanashikilia moja. Baada ya hapo ndipo upande ngazi ya mwisho, ile aliyoiita mithi, yaani kitu kilichotengenezwa na watu kuonekana cha asili: bidhaa iliyojazwa kiwandani, ndani ya plastiki, inaonekana kana kwamba imetoka mlimani moja kwa moja, na kazi ya watu imetoweka machoni.

Vichwa vya habari vinachambuliwa kwa jaribio hilo hilo, na Kiswahili kinakurahisishia. Linganisha: "Watano wafariki katika maandamano", "Watano wauawa katika maandamano", "Polisi waua watano katika maandamano". "Fariki" haidai mtenda. Kifo kimetokea tu. "Wauawa" inaacha pengo, na msomaji anauliza, na nani? Cha tatu kinalijaza. Hayo ni mahusiano ya wima, ya kuchagua neno. Kwa mahusiano ya mlalo, yaani ya neno na majirani zake katika sentensi, tazama "katika maandamano": kifo kinawekwa mahali, na mahali penyewe panaanza kuonekana kama sababu.

Misimbo 5 (wa matukio, wa kihemenitiki, wa seme au maana dokezi, wa kiishara au wa ukinzani, na wa kiurejelezi au wa maarifa ya utamaduni) si lazima. Barthes aliitumia mwaka 1970 kuchambua novela ya mwandishi Balzac, akiigawa vipande 561. Msimbo wa matukio na ule wa kihemenitiki, unaojenga fumbo na kuchelewesha jibu, vinahitaji masimulizi. Bango lisilo na hadithi litakulazimisha kubuni matukio.

Jihadhari na madai 2. Usiseme "mtangazaji alikusudia", maana hukumhoji. Usiseme "watazamaji wanashawishika" kama huna data yao. Stuart Hall, mwananadharia wa utamaduni, alionyesha mwaka 1973 kwamba mpokeaji anaweza kukubali usomaji uliopendekezwa, kuukubali nusunusu, au kuupinga kabisa. Andika "tangazo linapendekeza usomaji huu".

Kuhusu sampuli, matangazo 6 hadi 10 na vichwa visivyozidi 30 vinatosha, mradi vichwa hivyo vihusu tukio moja katika magazeti tofauti. Vikihusu matukio tofauti, hutajua kama tofauti ya maneno imetokana na uchaguzi wa mhariri au na tukio lenyewe. Tengeneza jedwali la safu 5: kipengele, kilichowekwa badala yake, maana iliyosogea, ukinzani, ushahidi kutoka tangazo jingine. Safu ya tano ikibaki tupu kwa kipengele fulani, kitaje kwa sentensi moja na uendelee.