Kanisa Letu ni la Nani

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, na swali lako pia. Unasema mwenzako kazini kakuambia Mennonite ni kanisa la Wamarekani waliolileta kwetu mwaka 1934, sisi tumeachiwa tu. Ukaniuliza: Mama, lile kanisa letu dogo la kijijini ni la nani hasa?

Chimbuko lake si hata Marekani. Januari 1525, huko Zürich, Uswisi, waumini wachache walibatizana wakiwa watu wazima, kwa kuwa waliamini mtu abatizwe akishaamua mwenyewe kumfuata Kristo. Mmoja wao, Felix Manz, aliuawa kwa kuzamishwa mtoni mwaka 1527. Jina tunalobeba ni la Menno Simons, padri wa Uholanzi aliyejiunga nao mwaka 1536. Ndiyo sababu wewe hukubatizwa ukiwa mchanga. Tulikuombea, tukakusubiri.

Kuhusu 1934 mwenzako hakukosea. Elam na Elizabeth Stauffer na wenzao walitoka Pennsylvania wakafungua misheni Shirati, kwetu Mara huku Tanganyika, halafu zikafuata za Bukiroba, Mugango na Bumangi. Walifundisha, walitibu, nasi tunawashukuru hadi leo. Ila misheni ni kitu kimoja na kanisa ni kingine. Mzungu alikuwa mwalimu, Mwafrika mwanafunzi, na hata Wajaluo na Wabantu walitazamana kwa mbali.

Mwaka 1942 uamsho wa kiroho uliotokea Rwanda na Uganda ulifika Shirati. Watu walitubu dhambi zao hadharani, na wamishenari nao wakatubu pamoja na wanafunzi wao. Mwanangu, mimi naamini kanisa letu lilizaliwa hapo. Mtu akishaungama mbele yako, nawe ukaungama mbele yake, hamwezi tena kuwa bwana na mtumishi.

Tawi letu la kijijini ni tunda la uamsho huo. Lilianzishwa na wakulima na wavuvi waliokuwa wakikusanyika kuomba na kushuhudia. Hapakuwa na nyumba ya mmishenari. Tofali walifyatua wenyewe. Nikiwa msichana nilimwona mama wa Kikurya akipiga magoti, siku ya Meza ya Bwana, kumwosha miguu mama wa Kijaluo, na familia zao zilikuwa zimegombana miaka mingi kwa ajili ya ng'ombe. Walipomaliza wakakumbatiana. Hakuna mgeni aliyewaamuru.

Mengine yalifuata upesi. Mwaka 1950 Ezekiel Muganda na Andrea Mabeba waliwekewa mikono, wakawa wachungaji wetu wa kwanza Waafrika. Mwaka 1960 kanisa likaanza kujitegemea. Angalia vizuri, ni kabla ya Uhuru wa Tanganyika. Na Januari 1967 Zedekia Kisare akawekwa wakfu kuwa askofu wetu wa kwanza Mwafrika.

Mwulize na mwenzako hili: injili ya Kimennonite ilifikaje Kenya? Wajaluo wa Shirati ndio walioivusha mpaka, wakawahubiria ndugu zao wa Nyanza, na Kanisa la Mennonite la Kenya likaanzia kwa watu hao.

Wasalimie wajukuu. Ukija Desemba nitakupeleka kwa wazee wawili waliofyatua yale matofali, uwasikie mwenyewe.

Mama yako