Sini ina "usahihi wa ulp 4"?

Msomaji wa Likoni anaandika maelezo ya Kiswahili ya fankisheni za hisabati zilizomo ndani ya OpenCL, ule mfumo wa kuandikia programu zinazokimbia kwenye chipu za aina mbalimbali. Ameandika "sini ina umakini wa ulp 4", mwenziwe akamwambia sema "usahihi", wakabishana mpaka ferini. Nani yuko sawa, na je "hitilafu" yafaa?

Haya mdogo wangu, umakini tuutoe kwanza manake umakini ni wa mtu, dereva wa matatu ndo huambiwa awe makini, chipu haina hayo. Mwenzio amekaribia ila sentensi zenu zote mbili zimekwenda upogo.

Hiyo 4 haipimi usahihi, yapima kosa! Ulp moja ni hatua moja ya tarakimu ya mwisho ambayo namba yaweza kubeba, na OpenCL yasema kwa namba za biti 32 sini isiteleze zaidi ya hatua 4, lakini pow, ile ya kupandisha kipeo, yaruhusiwa hadi 16. Sasa ukiandika "usahihi wa ulp 16" mtu atasoma kwamba pow ni sahihi kuliko sini na mambo ni kinyume kabisa, na zile fankisheni zinazoanza na half_, za haraka zisizojali sana usahihi, zaruhusiwa mpaka 8192, wallahi kwa hesabu yenu hizo ndo zingekuwa bingwa.

Andika "kosa lisilozidi ulp 4". Hilo "lisilozidi" usiliache, kwa sababu "kosa la ulp 4" ni kama kusema kila siku yakosea 4, na pengine leo imekosea nusu tu.

Hitilafu hapana. Ukisema hitilafu mtu afikiria mtambo umeharibika.

Jengine, nimeona umeandika "usahihi mmoja", yaani "single precision" ya Kiingereza, kwa zile namba za biti 32. Mizani ya Marikiti yaweza kukuonyesha mpaka gramu ya mwisho na bado ikakupunja, tarakimu nyingi si usahihi. Namba hizo hubeba kama tarakimu 7 za desimali, basi mimi huandika "namba za biti 32" tu, yatosha.

Na native_sin je, ile sini ya haraka ya chipu yenyewe? Hiyo kosa lake limeachiwa mtengenezaji wa chipu, kwa hivyo usiweke "lisilozidi" yoyote, andika "kosa lake huamuliwa na mtengenezaji", na mwenzio akitaka kuandika "haina kosa" mnyang'anye kibodi.