Mombasa siku tatu na marafiki: goti, presha na pesa

Shikamoo Mama. Nimekuelewa: una miaka 68, goti linauma, unameza dawa ya presha, na mnatoka Nairobi wanne kwenda Mombasa mkihofia pesa isivunje urafiki.

Pesa kwanza, maana hapo ndipo wengi hukosana. Kila mmoja atoe kiasi sawa kabla ya safari, kwa chumba, usafiri na chakula cha pamoja tu. Mmoja ashike na kuandika. Leso na zawadi kila mtu kwa mfuko wake. Anayetaka kulala mchana aachwe alale.

Treni ya SGR inawafaa kuliko basi kwa sababu mnaweza kusimama na kutembea. Fikeni stesheni ya Nairobi, iliyoko Syokimau, saa nzima mapema mkiwa na vitambulisho. Mizigo hupangwa chini inuswe na mbwa wa ukaguzi, kwa hiyo beba begi la magurudumu. Dawa zikae mkobani. Stesheni ya Mombasa iko Miritini, mbali na mjini: patana na dereva bei kabla hujapanda.

Nyumba nyingi za Mji wa Kale zina ngazi za mwinuko mkali. Omba chumba cha chini, kwa maandishi. Ngome ya kale ya Fort Jesus nendeni asubuhi, jua halijakaza, na viatu vya soli isiyoteleza.

Muone daktari wako kabla ya kuondoka, hasa kama dawa yako ni ya kukojoza: joto la Pwani huweza kukuletea kizunguzungu. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata, nenda hospitali papo hapo.