Daktari Anajibu: Mionzi baada ya upasuaji wa titi ianze lini?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mama yangu mdogo, mwenye umri wa miaka 52, aliondolewa uvimbe wa saratani kwenye titi la kushoto wiki 6 zilizopita, na titi lenyewe likabaki. Majibu ya maabara yalionyesha kwamba tezi za kwapani ni salama, hivyo akaambiwa hahitaji dripu za kemo (dawa kali za kuua seli za saratani), bali mionzi na vidonge vya tamoksifeni, vinavyozuia homoni inayolisha saratani hiyo. Kidonda kilichelewa kupona kwa sababu maji yalijaa ndani, yakanyonywa mara 2. Sasa amepewa tarehe ya kuanza mionzi katika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, nayo inaangukia wiki ya 10. Ndugu wanasema tumechelewa, lakini jirani yetu alianza mionzi miezi 7 baada ya upasuaji na akaambiwa yuko sawa. Tushike lipi? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mama yako mdogo hajachelewa, ila tarehe hiyo aliyopewa msikubali isogezwe tena bila sababu ya kitabibu. Kwa mgonjwa asiyehitaji kemo, hesabu huanza siku ya upasuaji, na lengo la wataalamu wengi ni mionzi ianze ndani ya wiki 8, huku wiki 12 zikihesabiwa kuwa mpaka ambao hatupendi kuuvuka. Kabla ya kidonda kupona hatuanzi, kwa kuwa mionzi hudhoofisha pia seli zinazojenga ngozi mpya, na kidonda kibichi kinaweza kuachia au kuingia usaha. Kwa hiyo wiki zile za kunyonya maji hazikupotea bure.

Jirani yenu naye yuko sahihi, lakini hesabu yake ni nyingine kabisa. Mwanamke anayepewa kemo baada ya upasuaji humaliza kwanza mizunguko yote, kisha mionzi hufuata takriban wiki 3 hadi 6 baada ya dripu ya mwisho. Ndiyo maana miezi 6 au 7 inaweza kupita bila mtu yeyote kukosea. Utafiti uliofanyika Boston, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1996, ulilinganisha wanawake walioanza na kemo na wale walioanza na mionzi, na walipofuatiliwa kwa miaka mingi haikuonekana tofauti kubwa kati ya makundi hayo. Kemo husambaa mwili mzima, hivyo mgonjwa aliye kwenye kemo hakai bila tiba. Mama yako mdogo hana kinga hiyo katika kipindi hiki, kwa hiyo asijipime kwa miezi 7 ya jirani hata kidogo. Nimeona wagonjwa waliotulia nyumbani kwa mfano wa mwenzao, na jambo hili linanisikitisha kila mara.

Ndugu wanaouliza kwa nini apigwe mionzi ilhali uvimbe umeshatoka, waambieni kwamba seli chache zisizoonekana kwa macho zinaweza kubaki ndani ya titi. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya tafiti 17 zilizojumuisha wanawake zaidi ya 10,000 walioachiwa titi: katika miaka 10, saratani ilirudi kwa takriban 35 kati ya kila 100 ambao hawakupata mionzi, na kwa takriban 19 kati ya kila 100 walioipata. Faida hiyo haifutiki siku wiki ya 12 inapopita. Hata aliyechelewa zaidi ya hapo aende, kwa maana daktari bado atakuwa na la kufanya.

Kuhusu tamoksifeni, madaktari wengine huianzisha pamoja na mionzi na wengine husubiri mionzi iishe, na njia zote mbili zinakubalika. Fuateni maelekezo ya daktari wake.

Wiki hizi 4 zilizobaki zina kazi. Akiwa mezani kwenye mashine atalazimika kuinua mkono wa kushoto juu ya kichwa na kutulia hivyo kwa dakika kadhaa, na mwanamke ambaye hakunyoosha bega tangu upasuaji hushindwa, akarudishwa nyumbani kufanya mazoezi huku wiki zikiyoyoma. Aanze leo, polepole, kwa kupandisha vidole ukutani mara kadhaa kwa siku. Kidonda kikivimba upya, kikiwa chekundu, kikitoa usaha, au akipata homa, arudi kwa daktari wa upasuaji mara moja, wala msipake dawa za mitishamba juu yake.

Jambo jingine ni makaratasi, ambayo kwa uzoefu wangu huchelewesha wagonjwa kuliko vidonda. Barua ya rufaa, majibu ya maabara na maelezo ya upasuaji viwe mkononi mwenu sasa, na suala la bima au malipo limalizwe kabla ya safari. Tambueni pia kwamba siku ya kwanza huwa ya kupigwa picha za vipimo na kuchorwa alama kwenye ngozi, na mionzi yenyewe huanza siku kadhaa baadaye. Ulizeni kama tarehe mliyopewa ni ya vipimo au ya mionzi.

Ulizeni vilevile idadi ya siku, ili mpange malazi Dar es Salaam. Zamani ilikuwa kawaida kupiga mara 25 kwa wiki 5, lakini tafiti za Uingereza zilionyesha kwamba mara 15 kwa wiki 3 zinatosha kwa wengi, na tangu mwaka 2020 kuna ushahidi wa mara 5 kwa wiki 1 kwa baadhi ya wagonjwa. Akishaanza asikatishe katikati. Na kwa kuwa titi ni la kushoto, upande wa moyo, aulize kama atafundishwa kuvuta pumzi na kuishikilia wakati wa mionzi, maana kifua kikijaa hewa moyo husogea mbali na titi.